Skrini Iliyomkata Aoko

Magdalene Nyaguthii alikuwa mpiga video wa mazishi. Harusi zilikuwepo, na ubatizo, na mahafali ya watoto wa chekechea, lakini mazishi ndiyo yaliyomsomesha binti yake, na mazishi ndiyo yaliyomfikisha karibu kila boma kutoka Kombewa hadi Bondo. Alisimama pembeni mwa hema amevaa koti lenye mifuko mingi, na watu walimpita kama wanavyoipita nguzo ya hema. Hilo halikumsumbua. Alikuwa akisema kwamba waombolezaji wakishaanza kumtazama mwenye kamera, msiba umeharibika.

Alizaliwa Kisumu. Baba yake, mzee Mathenge, alihama Nyeri akiwa kijana, akafungua duka la misumari na mabati mjini, na alipofariki akarudishwa Nyeri kuzikwa katikati ya ndugu ambao Magdalene hakuwajua hata majina. Yeye alibaki. Mume wake, Kiragu, alikwenda Nakuru kutafuta biashara, akaipata, na akapata na mke mwingine huko huko. Magdalene akabaki na binti mmoja, Ivy, na kamera, na chumba cha kupanga kando ya barabara inayoingia Obunga, ukuta kwa ukuta na chumba cha Aoko.

Aoko alikuwa fundi wa cherehani. Alishona sare za shule, na sare za wanakwaya, na mapazia pale shule zinapofungwa. Mume wake, Walter, aliishi nyumbani Usenge, akinunua omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni na kuwauzia wenye malori. Aoko alikaa mjini na cherehani yake na kwenda Usenge kila mwisho wa mwezi. Yeye na Magdalene walitumia veranda moja, mita moja ya umeme na jiko moja la makaa. Walikula pamoja chakula cha mchana kwa miaka mingi, hata mmoja akisafiri, mwenzake alisahau kupika. Walizungumza Kiswahili cha Kisumu kilichojaa Kijaluo, na Aoko alipokasirika alihamia Kijaluo kitupu, Magdalene akamjibu kwa lugha hiyo hiyo bila kujikwaa.

Mwaka wa zile vurugu za baada ya uchaguzi, Magdalene na Ivy walikimbilia kituo cha polisi pamoja na watu wengine wenye asili ya Mkoa wa Kati, waliokuwa wakifukuzwa mjini. Mashine zote zilibaki ndani ya chumba. Aoko alishusha kibao chenye jina la Magdalene kilichokuwa mlangoni, akakipaka rangi, akaandika AOKO STUDIO kwa herufi kubwa, akakirudisha. Kisha akatoa cherehani nje, akaiweka katikati ya milango miwili, akashona hapo kutwa nzima, siku baada ya siku, akiwajibu waliouliza kwamba vyumba vyote viwili ni vyake. Hakuna aliyevunja mlango. Magdalene aliporudi hali ilipotulia, alikuta hata kikombe alichoacha na majani ya chai kikiwa pale pale mezani. Kibao hakukiondoa tena. Wateja wapya walimwita Mama Aoko, naye aliitika.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokuwa zikiisha, Aoko aliugua figo. Ulikuwa ugonjwa wa haraka. Magdalene alimpelekea uji hospitalini asubuhi na jioni, mpaka asubuhi moja alipokuta kitanda kimetandikwa shuka jipya na hakuna mtu juu yake. Nesi alimuuliza kama yeye ni wa familia. Magdalene akasema hapana, ni jirani. Nesi akamwomba kwa upole asubiri nje mpaka familia ifike. Alisubiri kwenye benchi na chupa ya uji mapajani, na familia ilipofika walimpita mbio kuingia ndani.

Mazishi yalifanyika Usenge. Hakuna aliyemuuliza kama atarekodi, ilijulikana tu. Winny, binti mkubwa wa Aoko, alimwambia kwamba ataitwa aseme maneno machache kama rafiki wa kazini, na Magdalene alikuwa ameyaandaa kichwani, kwa Kijaluo. Hakutaka kusema mengi. Alitaka kusema habari ya kibao.

Siku hiyo mshereheshaji aliita wakwe, akaita kina mama wa kanisa, akaita mwalimu mkuu wa shule ambayo Aoko aliishonea sare, akaita mwakilishi wa mheshimiwa fulani ambaye alizungumza kuliko wote. Kisha kasisi akaonyesha jua kwa kidole. Mshereheshaji akasema, "Wale wengine mtatusamehe, wakati umetupita." Magdalene alikuwa nyuma ya kamera, kidole chake kwenye kitufe, na kamera ikalinasa neno hilo kama ilivyonasa mengine yote.

Baada ya hapo alirudi Obunga, na kwa majuma kadhaa hakufungua picha zile. Alichukua kazi nyingine ndogo ndogo, picha za pasipoti na za vitambulisho. Walter alipiga simu kuuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anaharakisha. Alieleza kwamba mdogo wake yuko Kanada na hakupata ruhusa ya kuja, anataka kuona alivyozikwa shemeji yake. Magdalene akamwambia video iko njiani. Basi akajua sasa hana budi.

Laptopu yake ilikuwa ya zamani. Ivy, kabla ya kwenda Ujerumani kufanya kazi ya kompyuta, aliondoa ile Windows iliyokuwa ikijikokota na kuweka Linux mahali pake, akamfundisha mama yake njia ya kuingia na kutoka. Laptopu ilipata nguvu kama iliyonyweshwa maji. Kilichokuwa kipya mezani ni monita, skrini kubwa ambayo Magdalene aliinunua kutoka ofisi moja iliyokuwa ikihama mjini, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka na kile kioo kidogo cha laptopu. Mpaka siku hiyo alikuwa ameitumia kwa picha za kawaida tu, zile zisizosogea. Kwa hiyo video ya kwanza kuifungulia ilikuwa ya Aoko.

Aliichomeka kebo, akafunga mlango nusu ili mwanga wa barabarani usimsumbue, akaanza na msafara wa jeneza. Vijana sita walilibeba kutoka upande wa lango kuelekea hema, wakipita mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia. Mara tu walipoanza kutembea, picha ilikatika. Mstari ulipita katikati ya skrini, umelala, na kilichokuwa juu ya mstari hakikuungana na kilichokuwa chini yake. Miguu ilikuwa imeshatangulia na vichwa vilikuwa bado vinafuata. Jeneza lenyewe lilipasuliwa kwa urefu, sanduku mbele, kifuniko nyuma. Walipolishusha na kusimama, picha ikaungana. Mtu alipotembea tena, ikakatika.

Magdalene alirudisha nyuma, akacheza tena. Ilikuwa vile vile. Akafungua sehemu ya kina mama wakipita kuaga, kila mmoja shingo yake ikihama kidogo kutoka mabegani. Akazima kila kitu na kukaa.

Aliamini kamera imemharibikia. Alijaribu kukumbuka kama aliiangusha, kama jua la Usenge liliipiga sana, kama mkono wake ulitetemeka. Harusi ikiharibika, watu wanaweza kuvaa nguo tena na kusimama kwenye bustani. Lakini hili halirudiwi. Kitu kimoja tu aliweza kumfanyia Aoko siku ile, maana kusema hakuruhusiwa na kulia hakuweza, mikono yake ikiwa kazini, na kitu hicho kimoja ndicho kimetoka vipande vipande. Alitamani kumwambia mtu. Mtu ambaye angemwambia jambo kama hilo, akipiga ukuta kwa kiganja mpaka ajibiwe, ndiye huyo aliyekuwa kwenye picha.

Kesho yake alibeba laptopu na monita mpaka mjini kwa Byron, kijana mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta. Byron aliitazama kwa heshima, akabonyeza hapa na pale, akakiri kwamba hii Linux yeye haijui vizuri. Alimshauri airudishe Windows, ingawa aliongeza kwamba kwa umri wa mashine ile huenda ikasinzia kabisa. Magdalene alimshukuru. Windows hakuitaka. Hakumwambia sababu ya kweli, kwamba mpangilio wote uliokuwa kwenye mashine ile, mpaka rangi ya samawati ya nyuma, ulikuwa umewekwa na mkono wa Ivy, na hakuwa na vitu vingi vya mkono wa Ivy vilivyobaki nyumbani.

Ila Byron alifanya jambo moja la maana bila kujua. Wakati monita imeng'olewa ili amfungie, alikuwa ameacha video ikicheza kwenye kioo cha laptopu peke yake, na Magdalene, akisubiri gazeti la kufungia, aliona kina mama wakipita kuaga. Shingo zao zilikuwa mahali pake.

Alirudi Obunga, akanakili kipande kile kwenye simu yake, akakitazama amesimama mlangoni. Kilikuwa kizima. Akakitazama kwenye laptopu. Kizima. Akaichomeka monita, na mstari ukarudi, ukalala juu ya watu wale wale. Ndipo alipokaa kitini na kulia, kwa mara ya kwanza tangu Usenge, kwa sababu picha zilikuwa salama tangu mwanzo. Kilichokuwa kikimkata Aoko ni skrini tu.

Angeweza kuiacha monita na kuhariri kwenye kioo kidogo. Alijaribu. Baada ya nusu saa maneno yalielea na kichwa kikamgonga, na alijua mazishi ya kutwa nzima hayataisha hivyo. Akarekodi kwa simu ule mchaniko ulivyo, akamtumia Ivy. Jibu lilikuja jioni: ni mambo ya skrini mbili kutokwenda sambamba, si kitu kikubwa, ataangalia wikendi. Wikendi ikapita. Ivy alituma picha ya ua lililochanua dirishani kwake, na moyo mwekundu. Magdalene naye akajibu kwa moyo mwekundu.

Basi akaanza kujitafutia. Alibadilisha kebo, haikusaidia. Aliifanya monita kuwa skrini kuu. Mstari ukashuka kidogo kutoka shingoni hadi kifuani. Akaingia kwenye ukurasa mmoja ambapo watu wa Linux duniani kote huulizana maswali, akaandika lake kwa Kiingereza chake cha shule, akieleza kwamba ana video ya mazishi ya rafiki na haiwezi kusubiri. Mtu asiyemjua, asiyesema yuko nchi gani, alimjibu vizuri. Alimweleza kwamba kioo cha laptopu yake hujichora upya mara sitini kwa sekunde, na ile monita mara sabini na tano, na mashine inafuata mwendo wa kile kioo pekee. Monita inapokea picha mpya kabla haijamaliza kuchora ya zamani, ndiyo maana juu ni ya kitambo kidogo na chini ni ya sasa. Alimpa maagizo mafupi ya kuandika kwenye faili moja ndani ya mfumo, na ndani yake neno TearFree, akamwambia maana yake ni kwamba picha isichanike. Mwishoni akaongeza: pole kwa rafiki yako. Magdalene alilisoma neno hilo la mwisho mara nyingi kuliko maagizo.

Jumapili baada ya misa aliketi kufanya kazi hiyo. Veranda ilikuwa kimya. Chumba cha Aoko kilikuwa kimeshachukuliwa na kinyozi aitwaye Simiyu, mtu wa Bungoma, ambaye Jumapili hufunga. Magdalene alifungua ile sehemu nyeusi ya kuandikia amri, akaandika maagizo herufi kwa herufi, akiyafuata kwa kidole kwenye simu, akahifadhi, akazima mashine na kuiwasha.

Skrini zote mbili zilibaki nyeusi. Monita ikaandika kwamba haipokei kitu, ikalala. Kwenye laptopu kulikuwa na kistari kidogo cheupe kwenye kona, kikiwaka na kuzimika. Aliizima tena na kuiwasha. Kistari kile kile. Kila alichorekodi kwa miaka kilikuwa humo ndani, na msafara wa Aoko, na picha za Ivy akiwa na meno mawili.

Hakutuma ujumbe. Alipiga simu moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya, kwa sababu Ivy alikuwa mtu wa shughuli. Iliita mpaka karibu ikatike.

"Mama? Kuna nini?"

"Nimeua laptopu."

Ivy akamtaka amweleze alichofanya. Magdalene akaeleza yote, kuhusu ukurasa ule, na mtu asiyemjua, na faili, na kistari. Alingojea kuambiwa kwamba angesubiri wikendi. Badala yake alisikia kiti kikivutwa huko Ujerumani, na maji yakifungwa bombani.

"Hujaua kitu," Ivy alisema. "Kuna mahali umekosea herufi moja tu. Shika Ctrl na Alt pamoja, usiachilie, halafu bonyeza F2. Niambie unaona nini."

Maandishi meupe yalijitokeza yakiuliza jina lake. Akaandika jina, akaandika neno la siri. Ivy akamsomea amri, Magdalene akirudia kila herufi kwa sauti kabla ya kuibonyeza, kama wanafunzi wa darasa la kwanza wanavyomfuata mwalimu. Faili likafunguka. Ivy akamwambia asome lilivyo, mstari kwa mstari, pamoja na alama zote. Wakafika kwenye mstari wa tatu.

"Rudia hapo mwisho."

"Intel. Kuna zile koma za juu mwanzoni."

"Na mwishoni?"

Mwishoni hazikuwepo. Magdalene akaziweka. Wakaendelea kusoma mpaka chini, taratibu, na katikati Ivy alicheka kwa sababu mama yake aliita alama ya mkwaju "kamstari kalikolewa." Ilikuwa muda mrefu tangu Magdalene asikie kicheko hicho bila haraka ndani yake. Alihifadhi faili, akaizima mashine, akaiwasha, simu ikiwa imebanwa begani.

Rangi ya samawati ya Ivy ikatokea kwenye laptopu. Kisha monita ikaamka.

"Sasa fungua kitu kinachosogea," Ivy akasema. "Kitu kinachotoka upande huu kwenda upande ule."

Magdalene hakutaka kufungua msafara wa jeneza huku mtoto wake akisikiliza. Akatafuta kipande kingine, kifupi, alichokirekodi mwaka uliopita siku aliyokuwa akijaribu betri mpya ya kamera. Ilikuwa ni veranda. Aoko anatoka kwenye mlango wake, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, sindano midomoni, sare mbili za kijani mkononi. Anapita kuelekea mlango wa Magdalene, anaona kamera, anageuka, anarudi alikotoka akipunga mkono wa kukataa. Halafu sauti yake, sindano zikiwa zimeshatoka midomoni, akisema kwa Kijaluo kwamba kama Magdalene anatafuta maiti wa kurekodi aende Kombewa, yeye bado ana sare za kumaliza.

Alipita skrini nzima, kwenda na kurudi. Mstari haukutokea. Kichwa, shingo, futi, mabega, sare za kijani, vyote vilikwenda pamoja.

"Huyo ni Mama Winny," Ivy akasema.

"Ndiye."

Aoko ndiye aliyemshonea sare ya kwanza ya shule, akaiongeza pindo kila mwaka mpaka pindo likaisha. Habari za kifo Ivy alizipata kwa ujumbe, akiwa kazini, akajibu kwa maneno ya pole ambayo watu wote hujibu.

"Cheza tena," akasema.

Magdalene akacheza tena. Na tena. Walimsikiliza Aoko akikataa kurekodiwa, mmoja Obunga na mwingine huko kwenye chumba ambacho Magdalene hajawahi kukiona. Mwishowe Ivy akavuta pumzi, akauliza kama picha haikatiki kabisa, na Magdalene akasema haikatiki. Ivy akasema basi imekubali. Akasema pia kwamba amefanya vizuri kujaribu mwenyewe. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Ivy akasema ana nguo kwenye mashine, Magdalene akamwambia azitoe zisije zikanuka, wakaagana.

Alibaki ameshika simu. Ilimjia kwamba kama angekosea herufi mbili, wangezungumza zaidi. Aliona ni wazo la kijinga, lakini halikuondoka upesi.

Kazi yenyewe aliifanya kwa siku zilizofuata, mchana, mlango ukiwa nusu wazi. Aliwatazama watu wote wa Usenge wakipita mbele yake wakiwa wazima. Alipunguza hotuba ya mwakilishi wa mheshimiwa. Aliacha wimbo wa kina mama wa kanisa mpaka mwisho wake, na upepo wa ziwa ukipiga kwenye kipaza sauti. Alipofika mahali mshereheshaji anaposema wengine mtatusamehe, alisimamisha, akafikiria, akaacha kama palivyo. Kipande cha veranda alikiweka mwanzoni kabisa, kabla ya jina na tarehe.

Alikwenda Usenge mwenyewe kuipeleka, ingawa angeweza kuituma. Walter alimkaribisha vizuri. Mzee alikuwa amekonda, na shati lake lilikuwa na kifungo kisichofanana na vingine, kitu ambacho Aoko asingekiruhusu kitoke mlangoni. Winny alichomeka flashi ya Magdalene kwenye televisheni, majirani wakaingia, watoto wakakaa chini. Aoko alipotokea akivuka veranda, chumba kizima kilicheka, kisha kikanyamaza ghafla. Walter aliinama na kufunika uso kwa kofia yake. Magdalene alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango, na kwa kuwa hakuwa na kamera, hakujua aweke wapi mikono.

Video iliendelea. Watu walijitafuta, wakajionyesha, wakabishana ni nani yule mwenye kilemba cha zambarau. Ilipokwisha wanaume wakarudi kwenye mazungumzo ya hema, kwamba lilikuwa dogo. Winny alikuja na chai, akachuchumaa kando ya stuli.

"Mama Ivy," akasema, "nimekutafuta mwanzo mpaka mwisho. Hauko."

"Nilikuwa nimeshika kamera, nyathina, mwanangu."

"Najua. Lakini hauko." Winny alikizungusha kikombe mkononi. "Na ulikuwa useme. Nilisahau kurudi kwa yule bwana kumkumbusha. Ungesema nini?"

Magdalene alianza. Alisema kwamba mwaka fulani yeye hakuwepo, na mama yake Winny alipaka kibao rangi. Lakini mtu mmoja akaita kutoka jikoni kwamba ugali umeiva na omena zinapoa, na Winny akainuka kwenda kugawa sahani, akisema anakuja, amngoje hapo hapo. Alirudi akiwa na watoto wawili wamemshika sketi, na wageni wengine wakiwa wanaingia. Magdalene akaona si wakati wake. Alikula, akashukuru, akasema safari ni ndefu. Walter alimsindikiza mpaka mahali wanawake walipokuwa wameanika omena juu ya nyavu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mke wangu alikuwa akikutaja sana," akasema. "Kila akija hapa, nusu ya habari zake ni zako. Ero kamano."

"Asante nawe, Mzee."

Alitaka kumuuliza habari zipi. Lakini Walter alikuwa ameshageuka kumjibu mnunuzi aliyekuwa akimwita kutoka ufuoni.

Obunga ilikuwa kama alivyoiacha. Simiyu alimsalimu, akamwambia kuna watu wa Kombewa walikuja kumtafuta kwa ajili ya mazishi, wameacha namba. Magdalene aliwapigia, akakubali. Alinunua nyanya mbili, kisha akakumbuka kwamba moja ingetosha, akapika zote.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikaa mbele ya mashine yake. Kila kitu kilifanya kazi. Alisogeza madirisha huku na huko kwenye skrini kubwa, akitazama kama pembe zake zitakatika, na hazikukatika. Akachukua simu, akampigia Ivy.

"Imeharibika tena?" Ivy akauliza.

"Hapana. Iko sawa."

"Sasa ni nini, Mama?"

"Si kitu. Nimepiga tu."

Magdalene alisikia redio ikizungumza lugha asiyoielewa. Alikuwa tayari kuambiwa kuhusu nguo, au kuhusu kazi. Kisha redio ikapunguzwa.

"Hata mimi sina la kusema," Ivy akasema. "Leo sijaongea na mtu tangu asubuhi."

"Mimi nimesalimiana na kasisi tu."

"Umekula nini?"

Magdalene akamwambia. Ivy naye akamwambia alichokula, mkate na mayai, amesimama karibu na dirisha. Wakaendelea hivyo kidogo, maneno yakija moja moja, mpaka huko kwa Ivy mtu akagonga mlango na ikabidi akate simu.